Kima Punju wa Jozani na Vidaka vya Mnazi

Barabara itokayo mjini Unguja kuelekea kusini-mashariki hupita mashamba na vijiji kwa muda wa kilomita 35 hivi, mara gari huingia kivulini. Hapo ndipo Jozani, msitu mnyevu ambao tangu mwaka 2004 umo ndani ya hifadhi ya taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Matuta yaliyomo barabarani yaliwekwa kwa ajili ya kima, kwani walikuwa wakigongwa mno na magari.

Sisi tuliolelewa Mombasa tumewazoea tumbili wanaoingia jikoni na kupokonya ndizi. Kima punju ni wa tabia nyingine. Mgongo wake ni mwekundu, mabega na mikono ni meusi, tumbo jeupe, na nywele ndefu nyeupe zimemzunguka usoni. Kidole gumba hana ila kijinundu tu. Asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani, wala hayuko kwingineko duniani, isipokuwa wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970.

Ndizi mbivu hana haja nayo. Tumbo lake lina vyumba vinne, na humo chakula huchachuka polepole. Sukari ya matunda yaliyoiva ingemdhuru. Hivyo hula majani machanga na matunda mabichi. Majani ya mwembe na mkungu humpa lishe nzuri, lakini yana kemikali zinazozuia mmeng'enyo. Dawa yake ni mkaa! Huuokota penye matanuri na visiki vilivyoungua, akautafuna, nao hunasa zile kemikali. Watafiti wanadhani watoto hujifunza jambo hili kwa kuwatazama mama zao.

Punju maana yake ni sumu. Wazee wa huko waliamini kwamba mti anaoula hufa, na mbwa amlaye hunyonyoka manyoya. Kwa maoni yetu jina hili limemwonea, ingawa hatuwezi kumlaumu mkulima aliyekuta vidaka vyake vimetapakaa chini ya mnazi. Nazi ni ada ya shule, ni nguo za Idi, ni mchuzi wa leo.

Basi katika miaka ya 1990 watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikaa wakahesabu. Kima hula vidaka. Koroma na nazi hawazigusi. Nao mnazi, kama ajuavyo kila mwenye shamba, huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hupukutika vyenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba palipoliwa vidaka zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua, bali yaliongezeka. Huenda kima alikuwa akiupunguzia mti mzigo.

Sehemu ya kiingilio cha wageni hurudi vijijini, na hesabu ya miaka ya karibuni iliwapata kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Hata hivyo baadhi yao huishi nje ya mipaka ya hifadhi, katika mashamba ya watu, na huko usalama wao umo mikononi mwa mwenye mnazi.

Tulipokuwa tukitoka, kima mmoja jike, mwana kamkumbatia tumboni, alishuka penye kisiki kilichoungua, akachagua kipande, akapanda nacho mwembeni.