Mama wa Kate Kafufuka, Wangu Je?

Nimekuwa kimya muda mrefu, kazi za chumba cha habari haziishi. Leo nimeiba saa moja niandike kuhusu kitabu kilichoniudhi, na naonya mapema kabisa: nitasimulia mpaka mwisho wake. Kama unataka kukisoma mwenyewe, ishia hapa.

Kitabu kinaitwa The Goddess Test, cha mwandishi wa Marekani Aimée Carter, kilitoka mwaka 2011. Ni riwaya ya mapenzi ya vijana. Mwandishi amechukua ile hadithi ya Wagiriki wa kale ya Hades, mungu wa kuzimu, na Persephone, akaihamishia kwenye mji mdogo uitwao Eden, jimbo la Michigan. Kate ana miaka 18. Anampeleka mama yake huko alikokulia, maana mama ana saratani na anataka akafie kwao. Huko Kate anakutana na Henry, kijana mzuri wa sura, mpole, mwenye huzuni zake. Ndiyo huyo Hades. Makubaliano ni kwamba Kate akae kwenye jumba la Henry na apite mitihani saba, na Henry atamzuia mama asife mpaka Kate awe tayari kumuaga.

Rafiki yangu aliniazima kitabu hiki mwaka 2016, nikiwa namuuguza mama yangu. Hakujua kilichomo ndani. Aliona jalada zuri akadhani kitanipunguzia mawazo. Nikawa nakisoma kwenye benchi la wodini, chupa ya uji pembeni, nikisubiri muda wa kuona wagonjwa.

Mama alikuwa mwalimu mstaafu, na hakupenda mtu asome peke yake kama mwizi. Akataka nimsomee. Basi nikawa natafsiri papo hapo, sura moja kila jioni, nikiruka yale mambo ya kubusiana, naye akijua kabisa kwamba naruka. Kila jioni alikuwa na neno. "Huyo mtoto hana hata shangazi wa kumuuliza anaolewa na nani?" Henry hakumpendeza hata kidogo. Mwanaume mwenye jumba lote hilo, alisema, halafu hacheki?

Tuliishia pale ambapo Kate anaonana na mama yake ndotoni kila usiku, wanatembea, wanazungumza, wakati kitandani mama hajitambui. Mama yangu alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo mwandishi amepatia." Sura iliyofuata hatukuisoma pamoja.

Baada ya matanga nikamalizia peke yangu. Nilitaka kujua Kate anaagaje, labda na mimi nijifunze.

Kwanza nikagundua ile mitihani saba ni nini. Ni mizizi saba ya dhambi, ile tuliyokaririshwa kwenye mafundisho ya kipaimara: majivuno, uchoyo, zinaa, hasira, ulafi, husuda, uvivu. Nikacheka mwenyewe. Baraza linalomhukumu binti kwa zinaa na husuda ndimo alimo Zeus na ndugu zake! Hao wanaoujua uzinzi kuliko mtu yeyote! Na orodha hiyo ya saba ilipangwa na Wakristo, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Wagiriki kuiimba habari ya Persephone.

Hilo ningelisamehe. Ambalo sikusamehe ni mwisho. Mama anakufa, Kate anamuaga, unalia. Halafu, kurasa chache mbele, mama yule yule yuko kwenye baraza la miungu, mzima wa afya. Kumbe ni Demeter mwenyewe. Hakuwahi kuwa mtu wa kufa. Saratani ile, miaka ile ya kumwogesha na kumlisha, yote ilikuwa sehemu ya mpango.

Nilikitupa kitabu ukutani. Sitanii.

Miaka kadhaa baadaye nikautafuta utenzi wa Demeter wenyewe, ule unaohesabiwa kati ya tenzi za Homer ingawa si yeye aliyeutunga. Una mistari karibu 500. Nilitegemea mapenzi, nikamkuta mama. Zeus, baba wa binti, amekubali na nduguye Hades amchukue binti bila kumwambia mama mtu. Binti anachuma maua, ardhi inapasuka, anapiga kelele. Demeter anatafuta siku tisa, mienge mikononi, hali, haogi. Na jua, lililoona kila kitu, linamwambia nini? Kwamba aache kulia, Hades ni mkwe wa kufaa, ni mtu wa ukoo. Jamani, kikao hicho cha ukoo ni nani kati yetu hakijui?

Demeter hakubali. Anajifanya bibi kizee, anakaa kisimani Eleusis, analea mtoto wa watu. Kisha anaizuia nafaka isiote, mpaka Zeus anasalimu amri. Lakini binti ameshalishwa punje ya komamanga kule chini. Kwa hiyo anarudi theluthi mbili tu za mwaka. Theluthi moja ni ya kuzimu, kila mwaka, milele.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mungu mzima, mwenye uwezo wa kuiua dunia kwa njaa, naye hakurudishiwa chote. Akalipokea lililopatikana, shayiri ikaota tena. Watu wa kale waliweza kuambiana hivyo. Sisi vijana wa leo tunaonekana hatuwezi, lazima tupewe mchumba na mama juu yake.

Wengi wanasema riwaya za namna hii ubaya wake ni mapenzi mengi. Mimi mapenzi hayakunisumbua. Carter aliandika kifo vizuri, kisha akakifuta.

Kitabu bado ninacho, rafiki yangu hajawahi kukidai. Tiketi ya daladala iko pale pale tulipoishia. Huwa nawaza mama angesema nini kuhusu ule mwisho, na nadhani najua. Angevua miwani, aifute kwa khanga, aseme, "Hapo mwandishi ameogopa."

Haya, saa yangu imeisha, mhariri ananiita. Tutaonana.