Kicheko cha Nshamba, 1962: Waliouliza na Walionyamaza

Nilikuwa mtoto wa shule pale Nshamba, katika Jimbo la Ziwa Magharibi, ugonjwa wa kucheka ulipoingia kijijini kwetu mwaka 1962. Leo habari ile husimuliwa nchi za mbali kama kioja cha kuchangamsha baraza: eti wasichana walitaniana darasani, wakacheka, kicheko kikazagaa wilaya nzima. Sisi tulioshuhudia hatukuona utani wowote. Waliopatwa walicheka na kulia kwa zamu, wakakimbia ovyo, wakapambana na kila aliyejaribu kuwashika. Uso wa mtu anayecheka huku macho yake yanaomba msaada hausahauliki.

Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na sasa nimestaafu. Nimeona magonjwa mengi, yenye jina na yasiyo na jina. Lakini somo langu la kwanza kuhusu binadamu na mambo yasiyoelezeka nililipata utotoni, nikiwatazama watu wa nyumba moja wakikabiliwa na jambo lile lile, kila mmoja akilipokea kwa namna yake.

Nchi ilikuwa changa. Tulikuwa tumepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 22 Januari Mwalimu Nyerere akaacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Wakubwa walikuwa bado wanalijadili hilo kwenye vilabu vya rubisi wakati tarehe 30 Januari, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wanafunzi watatu walipoanza kucheka bila kuweza kujizuia. Ilipofika tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, walikuwa wamepatwa wasichana 95 kati ya 159. Kati ya walimu, Wazungu na Waafrika, hakupatwa hata mmoja. Wasichana wakarudishwa makwao, na kadhaa kati yao makwao palikuwa Nshamba. Hazikupita siku nyingi, kicheko nacho kikafika.

Nyumbani kwetu kilifika kwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, aliyekuwa akisoma Kashasha na kukaa kwetu wakati wa likizo. Wiki ya kwanza alikuwa mzima. Alibeba maji, alimenya ndizi, alinifundisha kufuma vitambaa. Jioni moja, mvua za masika zikinyesha, alianza kucheka akiwa amekaa jikoni. Mama akadhani amekumbuka jambo, akamuuliza kinachomchekesha. Dada hakujibu. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, kisha akainuka na kutoka mbio kuelekea kwenye migomba, gizani, miguu mitupu. Wanaume wawili walimrudisha kwa shida. Baada ya muda akatulia, akalala fofofo. Kesho yake kikarudi.

Baba yangu alikuwa karani, kazi yake kupima buni za wakulima na kuandika uzito daftarini. Alikuwa mtu wa kusoma, na ungedhani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kutaka kujua. Badala yake alikataza mazungumzo yote juu ya jambo lile. Jirani akija na kukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, Baba alizungumzia mvua na bei. Akiulizwa habari za binti, alijibu, "Anaumwa, atapona." Siku hizo niliuona ukimya wake kama ubaridi wa moyo. Alinieleza mwenyewe miaka mingi baadaye, alipokuwa mzee: kijijini, swali la "ni nini?" halikai siku mbili kabla ya kugeuka "ni nani?" Alikuwa ameshaona ajuza akihamishwa kwenye kibanja chake kwa sababu mtoto wa jirani alikufa ghafla na watu walitaka jibu. Baba alinyamaza ili pasitajwe jina la mtu. Tangu aliponiambia hayo sijamhukumu tena kwa haraka mtu asiyeuliza.

Mjomba alikuwa kinyume chake. Alinunua kahawa vijijini kwa baiskeli, alisoma kila gazeti lililomfikia, na hakulala na swali. Jibu lake lilikuwa mabomu ya atomiki. Ufaransa ilianza kulipua mabomu yake katika jangwa la Sahara, huko Algeria, Februari 1960, na nchi nyingi za Afrika zilipinga. Urusi ililipua bomu kubwa kuliko yote Oktoba 1961. Mjomba alisema sumu imesambaa hewani, imeshuka na mvua, imeingia kwenye unga wa mahindi. Hakuwa peke yake: fununu hiyo ilienea sana katika vijiji vyetu hata madaktari wakaiandika. Wengine walisema ni wazimu unaoambukiza. Wengine walitaja mizimu iliyoachwa bila heshima tangu watu walipofuata dini. Lisemwalo lipo, walisema, na kila mmoja akashika lake.

Nikitazama nyuma, simcheki Mjomba. Bomu lilikuwepo kweli, na hofu yake ilikuwa na msingi. Kilichompungukia ni subira. Alipopata jibu lililomtosha, aliacha kuangalia. Hakujiuliza kwa nini sumu iliyonyesha juu ya kila paa iwapate zaidi wanafunzi na vijana, na iwaache wazee waliokula unga ule ule. Dada alikuwa amelala chumba cha pili, lakini sikumbuki Mjomba akiingia kumwona, ingawa alimzungumzia kila siku.

Kisha wakaja watu wa hospitali. Mabwana waganga wa serikali walipima joto, waligonga magoti kwa nyundo ndogo, walimulika macho, walichukua damu. Baadhi ya wagonjwa walitolewa maji ya uti wa mgongo, na watoto tulijificha nyuma ya migomba kwa woga wa ile sindano ndefu. Unga nao ulichunguzwa. Daktari P. J. Philip wa Bukoba na Daktari A. M. Rankin wa Makerere waliandika taarifa yao mwaka 1963 katika jarida la kitabibu la Afrika ya Kati, nami niliisoma nikiwa muuguzi, katika maktaba ya hospitali, mikono ikitetemeka. Hapakuwa na homa, hapakuwa na kidudu, hapakuwa na sumu. Katika Nshamba na vitongoji vyake, penye watu wapatao 10,000, walihesabu 217 waliopatwa kati ya Aprili na Mei. Kicheko kilimshika mtu kwa dakika chache au saa kadhaa, kikamwachia, kikarudi. Aliyekaa nacho muda mrefu kuliko wote alifikisha siku 16. Hakufa mtu.

Nawashukuru madaktari wale kwa jambo moja kubwa: walikubali kuandika kwamba hawakupata chanzo cha kimwili. Wangeweza kubuni. Wakaeleza kwamba huenda ni taharuki ya kundi, hofu inayopita kutoka mtu hadi mtu, na wakaishia hapo walipoishia ushahidi wao. Huo ndio udadisi wenye adabu. Hata hivyo, katika kurasa zile mgonjwa ana umri, tarehe na vipimo. Sauti yake ni ndogo mno: mistari michache ikisema baadhi yao walihisi kuna kitu kinatembea kichwani, au kuna mtu anawafukuza.

Mistari hiyo ilinirudisha kwa Bibi. Bibi hakujua kusoma. Hakuuliza kilitoka wapi kicheko, wala nani alikileta. Alihamisha mkeka wake, akalala chumba kimoja na Dada. Kicheko kilipomshika hakumbana mikono kama wanaume walivyofanya. Alikaa karibu na mlango akamwacha azunguke chumbani mpaka achoke, kisha akamwosha uso kwa maji ya uvuguvugu. Alipotulia, Bibi alimuuliza kwa Kihaya swali ambalo sijawahi kulikuta katika taarifa yoyote niliyosoma: "Ukiwa huko, unaona nini?"

Nilikuwa mlangoni, nikasikia jibu. Dada alisema, "Bibi, nasikia mtu nyuma yangu. Najua hayupo. Lakini miguu haikubali." Bibi hakumwambia kwamba anadanganya, wala hakumwambia kwamba ni shetani. Alisema, "Basi akija tena, niambie yuko upande gani, nikae upande huo." Na akafanya hivyo, usiku baada ya usiku, akihamisha mkeka kadiri alivyoelekezwa. Sidai kwamba hilo ndilo lililomponya, kwa sababu wengi walipona bila bibi kama yule. Nasema tu kwamba kati ya watu wote waliopita kwenye nyumba ile wakiwa na maswali, yeye peke yake alimuuliza aliyekuwa akiumwa anachokiona.

Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakapatwa, ikafungwa upya mwishoni mwa Juni. Mwezi huo huo kicheko kilizuka katika shule ya Ramashenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba, kikawapata wanafunzi 48 kati ya 154. Mwanafunzi mmoja alikwenda nacho kwao Kanyangereka. Mpaka wimbi lilipotulia, shule 14 zilikuwa zimefungwa kwa muda, na waliopatwa wanakadiriwa kufika 1,000. Mwaka uliofuata matukio yanayofanana na hayo, safari hii watu wakishikwa na mbio, yalitokea Uganda, na Daktari Benjamin Kagwa aliyaandika mwaka 1964. Mtaalamu wa lugha na ucheshi, Christian Hempelmann, alilirudia suala letu mwaka 2007, akasisitiza kwamba ucheshi haukuhusika: ni msongo wa mawazo uliotafuta njia ya kutokea kwa watu wasio na uwezo wa kusema wala kuondoka. Maelezo hayo yananiingia akilini. Bado hayanielezi kwa nini kicheko, kwa nini wale watatu wa kwanza, kwa nini Dada na si mimi niliyekula naye sahani moja.

Mimi nimebaki na hamu hiyo maisha yangu yote. Dada hakuwa nayo. Aliolewa Mwanza, akauza vitenge sokoni, akalea watoto na wajukuu. Nilipokuwa tayari mtu mzima nilimpelekea nakala ya taarifa ya madaktari, nikitarajia angeisoma usiku kucha. Aliifunua, akaniuliza kama nimekula. Nilipomsukuma kidogo, akasema, "Mdogo wangu, lilikuja, likaisha. Mimi nilikuwa ndani yake. Wewe ulikuwa mlangoni, ndiyo maana bado unachungulia." Hakusema kwa hasira. Nimelitafakari neno hilo mara nyingi, na nadhani ni kweli kwamba aliyeumizwa na fumbo mara nyingi hutaka kulivuka, na aliyelitazama kwa pembeni ndiye hubaki akilifuata. Wote wawili wana haki.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaogawa watu makundi mawili, wadadisi na wasiojali. Baba hakuuliza, na kwa kunyamaza kwake alilinda wasio na hatia. Mjomba aliuliza kwa nguvu, akaridhika upesi. Madaktari waliuliza kwa subira, wakaheshimu mpaka wa wanachokijua. Dada alikataa kuuliza ili aishi. Bibi aliuliza swali dogo, la karibu, lililomsaidia mtu usiku ule ule. Ukitaka kuupima udadisi wa mtu, tazama anamfanyia nini yule aliye ndani ya fumbo.

Naandika haya kwa sababu mambo ya namna hii hayajaisha. Mpaka leo husikika wasichana wa shule fulani wameanguka, wamepiga kelele, wamekimbia ovyo. Mara waombeaji wanaletwa, mara waganga wanaletwa, mara wasichana wenyewe wanarekodiwa kwa simu na kuchekwa na nchi nzima. Ombi langu kwa walimu na wazazi ni hili: daktari aitwe apime, na asiyejua asubuni jibu, wala asitafutwe mtu wa kulaumiwa. Simu zirudi mfukoni. Kisha mtu mzima mmoja anayeaminiwa na mtoto akae naye na amuulize anaona nini, asikilize mpaka mwisho.

Na wanawake waliokuwa wasichana wa Kashasha, Nshamba na Ramashenye mwaka 1962 sasa wamevuka miaka 70. Kila mwaka wanapungua. Mwenye mama au bibi aliyeyaona yale amuulize leo, aandike maneno yake kama anavyoyasema. Akikataa kujibu, aheshimiwe.