Baba Kanunuliwa Kiswaswadu

Leo hatuna pishi wala mambo ya liwa, tuna habari ya simu.

Sisi ni ndugu watatu, wote wanawake. Mkubwa kaolewa Maskati, wa kati yupo hapa Unguja anasomesha skuli, mdogo yupo Dar es Salaam. Baba hataki kusikia habari ya kuhama Unguja, anasema kashauzoea msikiti wake. Mama naye moyo wake uko kwa wajukuu, basi kila mwaka anakwenda Maskati anakaa miezi minne, mitano. Kwa hiyo tuna wazazi wa nyumba moja wanaoishi nchi mbili, bahari katikati.

Miaka miwili nyuma tulichanga tukawanunulia kila mmoja simu kubwa ya kupangusa. Tulijiona tumefanya la maana. Ukweli ni kwamba tulijinunulia sisi. Sisi ndio tuliotaka picha zao, sisi ndio tuliotaka kuwaona wakila. Baba simu ikilia aliibonyeza kwa nguvu zake zote, na simu zile hazitaki kubonyezwa, zinataka kupitishwa kidole kwa upande, tena taratibu. Mpaka amalize kuhangaika, imeshakata. Mama aliwahi kuweka picha ya dari kwenye status, ikakaa kutwa nzima, na watu wakamjibu mashaallah.

Tulicheka. Lakini pia sote watatu tumewahi kusema, "Baba, si nilikuonyesha jana?" kwa sauti ambayo hatupendi kuikumbuka. Chuoni tulifundishwa tangu wadogo kuwa mzazi haguniwi. Sisi tuliwaguna kwa sababu ya kioo.

Halafu ukaja ule usiku. Baba ana sukari. Mama alikuwa Maskati. Baba kadunga sindano yake ya jioni, akala vijiko viwili vya wali akaacha, na sukari ikamshuka. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka. Akachukua simu ampigie wa kati, ambaye nyumba yake si mbali hata kidogo. Kioo hakikukubali kidole chenye jasho. Kilipokubali, kikamtaka achore ule mchoro wa kufungulia, tuliouweka sisi wenyewe ili mwizi asifaidi. Aliyemuokoa, baada ya Allah, ni mtoto wa jirani aliyeletwa na sahani ya mkate wa kumimina. Alimkuta kakaa chini sakafuni, akakimbia kumwita mama yake, wakamnywesha maji ya sukari. Simu ilikuwa mapajani mwake, inawaka.

Wiki ile ile tukaenda naye Darajani. Tunasema tukaenda naye, kwa sababu mara ya kwanza hatukwenda naye. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, akatuletea simu za kioo, moja baada ya nyingine. Baba akamwambia, "Mwanangu, mimi nataka ya kubonyeza." Akaletewa kiswaswadu. Hakutazama rangi. Alifumba macho, akapitisha dole gumba juu ya vibonyezo mpaka akakipata kile kijinundu kilichopo kwenye namba tano, akatabasamu. Akataka kuisikia inavyolia. Akaiwasha tochi, maana umeme wetu mnaujua. Akatafuta redio. Kisha akauliza chaji inakaa siku ngapi, akajibiwa, akasema basi tufungieni.

Kilichotuuma ni maneno ya mtaani. Jirani mmoja alisema mbele ya watu, "Mabinti watatu, mmoja yupo Uarabuni, na baba mtu ana kiswaswadu?" Wallahi tuliona aibu, tena nusura tumrudishie ile kubwa ili tu watu waone. Ni Baba aliyetuzuia. Alisema ile kubwa ilikuwa ya kuonekana nayo, hii ni ya kupigia.

Sasa Mama. Mama hakusoma skuli. Amesoma chuoni, anasoma msahafu vizuri sana, lakini herufi za Kizungu zinamchanganya. Kwenye simu kubwa alitutambua kwa picha, na picha ilipobadilika alipotea. Mkubwa wetu alikwenda Ruwi kumtafutia kiswaswadu kama cha Baba, akakuta zinazouzwa kule zina herufi za Kiarabu kwenye vibonyezo, na Kiarabu ndani pia. Akakaa nayo usiku mzima akaandika majina yetu, majina haya haya ya Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama mabibi zetu walivyokuwa wakiandikiana barua. Asubuhi akampa Mama. Mama akasoma jina la kwanza. Akasoma la pili. Akayasoma yote kwa sauti mpaka mwisho, kisha akarudia lile la Baba.

Tuliosimuliwa tukalia huku. Miaka yote tulimhesabu Mama kuwa hajui kusoma simu, kumbe simu ndiyo iliyokuwa haijaandikwa kwa ajili yake.

Baba alipopata habari alitaka ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo ikanunuliwa ya pili, ikaja na mgeni. Hilo tunawashauri: wazazi wawili, simu mbili za aina moja. Sasa wanafundishana wenyewe, na hatusumbuliwi wala hatuwasumbui.

Mengine tuliyojifunza kwa kuumia ni haya. Chukueni yenye sehemu mbili za laini. Mwanzo Mama alikuwa anatoa laini ya huku akifika kule, anaifunga kwenye tishu, anaitia kwenye mkoba. Ikapotea. Kuirudisha laini kunataka alama za vidole, na vidole vya Mama vimekuna nazi miaka hamsini, ile mashine haikuona kitu. Tulikwenda mara tatu. Sasa laini zote mbili zimo ndani na hakuna anayezigusa.

Namba zote ziandikeni na alama ya kujumlisha mbele, +255 za huku na +968 za Oman, hata za jirani. Hapo mzazi akiwa upande wowote anabonyeza jina tu. Sisi hatukufanya hivyo mwanzo, na Mama aliwahi kukaa wiki nzima akidhani Baba kamnunia.

Na muulize kama inashika 4G. Zipo za vibonyezo zenye 4G, bei inapanda kidogo, lakini nchi kadhaa zimeshafunga mitandao ya zamani, na simu inayofanya kazi vizuri Chake Chake inaweza kuwa tochi tu kwengine.

Watu wanatuuliza, na WhatsApp je? Oman simu za sauti za WhatsApp zilizuiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo hatukupoteza kikubwa. Picha za wajukuu zinakuja kwenye simu ya wa kati, na Baba anazitazama Ijumaa baada ya chakula, miwani usoni, moja moja. Matapeli hawajaisha, hilo tuwe wakweli. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinaingia hata kwenye kiswaswadu. Tumewekeana sharti kuwa hela haitumwi kwa meseji mpaka sauti isikike.

Namba mbili kwenye simu ya Baba, ukiishikilia, inampigia wa kati yenyewe. Ameshaitumia mara moja tangu hapo, saa nane za usiku. Ilikuwa kweli, na tulifika mapema, alhamdulillah.

Kupiga nje ni ghali, kwa hiyo wazazi hawapigi, wanabipu, sisi ndio tunaopiga. Ila mdogo wetu alipokuja likizo akagundua jambo. Kila usiku baada ya Isha simu ya Baba inalia mara mbili na kukatika. Baba haipokei. Anaitazama, anasoma jina, kisha naye anabipu mara moja, anaiweka chini ya mto, anazima taa.

Tukamuuliza Mama hizo bipu zina maana gani. Akasema moja ni "nimeshakula na sindano nimedunga." Tukamuuliza, na zile zako mbili?

Akasema hizo hazituhusu.