Siku Mbili Likasi, Mji Tunaoupita Tu



Shule zikifungwa, kila mmoja wetu anaanza kuhesabu makuta: familia itapumzikia wapi? Wenye uwezo wanataja maporomoko ya Victoria huko Zambia, au hoteli za Kolwezi. Sisi wengine tunabaki nyumbani na watoto wanaozunguka uwanjani. Wiki hii tunawaletea wazo lingine: Likasi, kilomita karibu 120 toka Lubumbashi, kwenye barabara ileile ya Kolwezi. Wengi tumeupita mji huo mara nyingi bila kushuka garini.

Likasi haukutengenezwa kwa ajili ya watalii, na hiyo ndiyo faida yake. Hakuna tiketi za kununua kila kona, wala mtoto hatalilia michezo ya bei kali. Kuna barabara pana zenye miti, nyumba za zamani zenye baraza, na hewa ya milimani inayokuwa baridi sana usiku wa mwezi wa sita na wa saba. Basi beba masweta.

Tembeeni katikati ya mji kwa miguu, mkiwaeleza watoto historia yake. Wakati wa Wabelgiji uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, injinia wa Union Minière na wa reli. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Mwezi wa tisa 1961, wakati wa vita vya Katanga, askari wa Ireland wapatao 155 waliotumwa na Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa siku tano, hata maji yakawaishia, wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Watoto wakubwa labda wameona filamu yake ya mwaka 2016, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Mji wenyewe ni huu.

Mwulizeni pia mzee yeyote kwa nini Jumamosi tunaiita siku ya mposho. Kampuni ya madini ilikuwa ikigawa chakula cha juma, kwa mfanyakazi, mke na watoto, na siku ya mgao ikapewa jina. Likasi uliishi hivyo miaka mingi: kampuni ililisha, ilitibu, ilisomesha. Kisha Gécamines ikaanguka. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga waliachishwa kazi, wengi wakiwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Katika nyumba nyingi ni mama aliyetoka kwenda kuuza unga, mboga, makala na mikate, ili watoto waendelee kusoma.

Kwa hiyo, mkifika, kuleni sokoni na kwenye meza za wamama: bukari ya moto, sombe, lengalenga, maharagi. Ulizeni bei kabla ya kuketi. Franka mtakayoacha pale inalipa daftari la mtoto wa jirani zetu, wala haipiti mkononi mwa mwenye hoteli anayekaa mbali.

Sasa yale ya kuangalia, kwa maana mji wa madini si bustani.

Kwanza, vumbi na maji. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana mwilini, na watoto ndio wanaozidi. Siku mbili si sawa na kukaa miaka, lakini usiruhusu mtoto acheze kwenye marundo ya taka za machimbo wala kuoga katika mito inayopokea maji ya viwanda. Mikono ioshwe kwa sabuni mbele ya kila chakula, na mboga zioshwe vizuri.

Pili, Shinkolobwe. Iko karibu na Likasi, na ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945. Ni habari ya kumsimulia mtoto, si mahali pa kumpeleka. Kuingia ni marufuku.

Tatu, barabara. Malori ya madini ni mengi na mazito. Ondokeni asubuhi mapema, na siku ya Mungu rudini mapema ili giza liwakute nyumbani. Mama awe na kadi yake ya mchaguzi, na msipige picha za viwanda, reli wala vizuizi.

Kuhusu gharama, kikundi kinaweza kufanya kama tunavyofanya likelemba: kila mama aweke kidogo kila juma kwa miezi mitatu, mkodi basi ndogo pamoja, mbebe chakula cha njiani. Agizeni mapema vyumba katika nyumba ndogo za wageni, na mtu mmoja atangulie kuvitazama: maji yapo? Mlango unafungika? Vyandarua vipo?

Watoto wetu wanaona malori ya shaba yakipita kila siku. Ni vizuri wajue yanakotoka, na wawaone wamama waliosimamisha mji kwa meza ya unga wakati kazi zilipokwisha. Hayo watayapata Likasi kwa nauli ya saa chache.