Picha ya Kichwa cha Bibi

Kwetu Miteja, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu". Ni utani wa kale. Mie nilikuwa mume wa Bibi tangu sijaota meno. Nikirudi kutoka Dar, kabla sijatua begi, nasikia sauti kutoka barazani: "Mume wangu, umeniletea nini? Au umemaliza zote kwa vibinti vya mjini?" Watu wanacheka, nami natoa kanga na sukari.

Safari moja nilirudi nikaitwa vilevile, lakini hakuna aliyecheka. Bibi alinikamata mkono, akaniuliza polepole mbona nimechelewa shambani, na mikorosho nimeipalilia hadi wapi. Kisha akaniita kwa jina la Babu. Babu tulimzika nikiwa darasa la tatu.

Ndugu msomaji, hapo nikajua kuwa utani umekwisha.

Kijijini kila mtu alikuwa na jibu lake. Wapo waliosema ni uzee tu, mtu akila chumvi nyingi lazima asahau. Wapo waliosema ni jini. Mjomba alikuwa na jibu baya kuliko yote: alimtaja jirani yetu, bibi mwingine, ambaye zamani waligombana na Bibi kwa ajili ya mnazi wa mpakani. "Kamroga huyo! Si mnaona hata kuja hapa haji tena?" Kweli alikuwa haji. Lakini nani angekuja mahali anaposemwa vile?

Mama ndiye aliyekata shauri. Aliuza ufuta wake, tukampakia Bibi kwenye basi hadi Dar, akapigwa picha ya CT. Daktari, kijana mdogo tu, alimwamkia Bibi shikamoo, kisha akatuonyesha vitobo vyeusi kama punje za mtama. "Hivi ni viharusi vidogo vidogo," alisema. "Ni vya zamani. Huenda mwenyewe hakuvihisi kabisa. Presha alianza lini?"

Tulitazamana. Bibi hakuwahi kupimwa presha maishani mwake.

Mjomba alipoelezwa hakusema neno. Siku ya tatu nilimwona amebeba changu watatu kwenye ukindu, anaelekea kwa jirani. Hakueleza kitu, na jirani hakuuliza.

Lakini mie swali lilinibakia. Kama vitobo vile vilianza zamani, nani angeviona mapema? Hospitali huwapiga picha waliokwisha kuugua, tena wenye nauli. Ili kuujua ugonjwa ukiwa bado mchanga, yafaa kuwatazama watu wazima wa afya, wengi, wa mtaa mzima, na kuwafuatilia miaka mingi. Wenzetu wamefanya hivyo. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti walipiga picha za MRI bongo za watu 2,000 wa kawaida, wenye umri wa miaka 45 na zaidi. Matokeo yao ya mwaka 2007 yalionyesha kuwa karibu 7 katika kila 100 walikuwa na alama za kiharusi ambacho hawakukijua. Uingereza nako, mradi wa UK Biobank ulifikisha watu 100,000 waliopigwa picha mwaka 2025.

Na sisi je? Usidhani tumekaa bure. Wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwachunguza vijijini wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walipata kwamba kama 6 katika kila 100 wana dimenshia, yaani ugonjwa huu wa akili kupotea uzeeni. Uchunguzi mwingine huko huko Hai ulikuta karibu wazee 70 katika kila 100 wana shinikizo la damu. Baadaye kikatengenezwa kipimo kisichotaka kusoma wala kuandika: mzee anapanga vijiti vinne vya kiberiti kufuata mfano, anataja wanyama, anaulizwa daraja ni nini.

Nilimjaribu Bibi hilo la daraja. Akacheka. "Daraja si hilo la Mkapa? Zamani tukilala Ndundu tunangoja pantoni, mbu wanatumaliza!" Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na pantoni ya Ndundu aliikumbuka vizuri kabisa. Nikamuuliza mchana tulikula nini. Akanitazama tu.

Kwa hiyo kazi inaweza kuanza kwa miguu na kiberiti. Lakini vijiti vinamgundua yule ambaye akili imekwisha kuyumba. Kitobo cha kwanza, kile ambacho mwenyewe hakihisi, kinaonwa na picha. Ndiyo maana nasema siku moja mashine zisikae mijini kungoja wagonjwa tu, na Miteja nayo ihesabiwe.

Mjomba hakubaliani nami. "Mtu mzima wa afya wampiga picha, ati unamtafutia ugonjwa! Ukiuona, dawa unayo?" Swali lake silidharau. Kuna mambo ambayo picha itayaonyesha na daktari hana la kufanya, na kumwambia mtu habari hiyo kisha ukapanda gari ukaondoka ni ukatili. Atakayekuja na mashine aje na jibu la swali la Mjomba. Lakini presha, Mjomba, presha ina dawa.

Mama hajapigwa picha yoyote. Tulimpeleka zahanati akafungwa ule mpira mkononi, namba ya juu ikasoma 172. Alisema hajisikii chochote. Nami nikawaza kuwa Bibi naye hakujisikia chochote. Sasa anameza kidonge kila asubuhi, na mie nikiwa mbali nampigia simu kumkumbusha, ananigombeza kwamba namfanya mtoto. Agombe tu.

Na Bibi yupo barazani pale pale. Akiniuliza mikorosho nimeipalilia hadi wapi, siku hizi simsahihishi. Namwambia, "Nimefika kisimani, mke wangu. Kesho namaliza."