Kistari kilichomgomea dogo

Semesta imeanza, vumbi la Masumbwe bado halijatoka kwenye begi, na tayari watu kama watatu wameniuliza kwa nini nashinda maabara ya kompyuta nikikodolea macho mafaili yaliyojaa mikwaju na nukta badala ya kumalizia projekti yangu. Leo nawajibu wote kwa mpigo, maana nikianza kumwelezea mmoja mmoja nitakauka koo.

Kwa wale wasiotumia Linux: ukiandika man halafu jina la programu, unaletewa kurasa za mwongozo za programu hiyo. Zimo humohumo ndani ya kompyuta, hazihitaji intaneti. Hapa chuoni hakuna anayezijali, ukikwama unatafuta mtandaoni, maisha yanaendelea. Nyumbani ni habari nyingine. Mtandao wa simu Masumbwe upo, lakini bando ni hela, na dogo wangu aliyemaliza form six hana hela ya bando kila siku. Kwa hiyo nilimwachia laptop yangu ya zamani yenye Linux nikamwambia, mwalimu wako ni man, msome.

(Masumbwe yenyewe, kwa wasioijua, iko wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Mkoa huo ulianza mwaka 2012, kabla ya hapo tulikuwa Bukombe, Shinyanga, na ndivyo vyeti vyetu vinavyosema mpaka leo. Kwa hiyo mkisikia najiita mtu wa Shinyanga asubuhi na mtu wa Geita jioni, sio uongo.)

Basi bwana, dogo akapata kibarua. Kuna karasha moja kule, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na karani wake anaweka kwenye laptop jedwali la nani kaleta viroba vingapi na lini. Jedwali lilikuwa limevurugika, dogo akaambiwa alipange, atapewa chochote. Siku ya tatu akanipigia.

"Kaka, hii grep yako mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Naiambia itafute neno dhahabu ndani ya viroba.csv, inaniambia hakuna faili linaloitwa dhahabu. Mi nimesema saa ngapi kwamba dhahabu ni faili?"

Nikacheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba labda kichwa chake hakikamati haya mambo, bora aende mwaloni akaoshe mchanga na wenzake, angalau kule jioni unashika hela. Hapo kicheko kiliisha. Mnaotoka kanda ile mnajua ni vijana wangapi wameacha daftari kwa sentensi kama hiyo.

Nilipofika likizo nikakaa naye tukaangalia. Alikuwa amenakili mfano kutoka kwenye ukurasa wa mwongozo wa programu moja ndogo ya majedwali (siitaji, waliokuwa wanaitunza ni watu wazuri), akabadilisha maneno tu. Ulikuwa hivi:

grep ‐i dhahabu viroba.csv

Kwa macho hauna kosa. Nikauchapa mwenyewe kwa vidole, herufi kwa herufi, ukafanya kazi. Nikarudia ule alioubandika dogo, ukagoma. Nikaupitisha kwenye hexdump, na hapo ndipo nilipoona mambo: kistari cha kibodi huwa ni 2d, lakini pale palikuwa na e2 80 90. Ni kistari kingine kabisa! Cha kwenye kibodi kwenye Unicode ni U+002D, hicho ni U+2010, kistari cha kuunganishia maneno. Wanafanana kama mapacha ila wana majina tofauti.

Sasa angalia grep ilivyofikiri. Kwa kuwa ile ‐i haikuanza na kistari inachokijua, haikuiona kama chaguo, ikaiona kama neno la kutafutwa. Neno lililofuata, dhahabu, likawa jina la faili la kwanza. Ndio maana ikalalamika kwamba halipo. Dogo alikuwa sahihi, grep ilikuwa sahihi, mwalimu ndiye aliyeandika ubaoni kitu kisichosomeka. Na hapo tulibahatika kupata lalamiko. Kungekuwa kweli na faili linaloitwa dhahabu, grep ingetafuta ‐i kwenye mafaili yote mawili, isipate kitu, inyamaze, na dogo angeripoti kwamba neno hilo halimo kwenye jedwali.

Kuna kero ya pili ndogo. Ukiwa ndani ya ukurasa wa mwongozo unabonyeza mkwaju kisha unachapa unachotafuta. Ukitafuta -i kwa kistari cha kibodi wakati ukurasa umeonyesha kile kingine, unaambiwa hakipatikani, na kipo mbele ya macho yako.

Imekuwaje? Hii ndiyo sehemu iliyonikosesha usingizi. Kurasa hizi zinaandikwa kwa lugha ya zamani sana ya kupanga maandishi. Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe ya Novemba 3, 1971. Muda mfupi baadaye Joe Ossanna pale Bell Labs aliandika troff, programu ya kuendesha mashine ya kupanga herufi za vitabu. Kwenye kitabu kilichopangwa vizuri kistari sio kimoja. Kuna kifupi kinachokata neno mwishoni mwa mstari, kuna alama ya kutoa, kuna kile kirefu cha kutenga wazo. Kibodi ikawa na kimoja tu cha kufanya kazi zote. Ossanna ikabidi agawanye: ukichapa - peke yake utapata kistari kifupi cha kuunganisha, ukitaka alama ya kutoa, tanguliza mkwaju wa kinyume, uandike \-, kile kirefu andika \(em. Na ritifaa vilevile. Ukichapa ' unapata iliyojikunja kama ya kitabuni; ukitaka ya kibodi iliyonyooka, andika \(aq.

Kwenye karatasi tofauti ilionekana. Kwenye skrini za enzi hizo hapakuwa na kistari cha pili cha kuonyesha, vyote viliishia kuwa kilekile, kwa hiyo watu wakaandika - kila mahali na hakuna aliyeumia. Kisha skrini zikajifunza Unicode. Groff, ambayo James Clark aliianza kuitoa mwaka 1990 na ndiyo wengi wetu tunayoitumia, ikawa inafunika kosa: kwa kurasa za mwongozo peke yake, ilirudisha alama hizo kuwa za kibodi hata kama mwandishi hakuweka mkwaju. Julai 2023 likatoka toleo la 1.23.0, na hicho kifuniko kikaondolewa kwa kistari, ritifaa na ile alama ya kunukuu inayoinamia nyuma. Watu wa Debian wakaona watumiaji wataumia, wakakirudisha kwa mipangilio yao. Linux niliyomwachia dogo haikuwa imekirudisha.

Nani yuko sahihi? Watu wa groff wana sheria upande wao, kanuni iko hivyo tangu miaka ya 70 na ukifunika kosa halirekebishwi milele. Ila mtu anayesoma usiku bila bando hajui kanuni ya Ossanna na hapaswi kuijua. Mimi nimefanya yote mawili. Kwenye laptop ya dogo nimeweka mistari michache ndani ya faili linaloitwa man.local, kifuniko kimerudi. Halafu nikaanza kurekebisha machanzo yenyewe, ndio hiyo kazi mnayoniona nayo.

Kabla sijaingia huko, mjomba.

Grep ilipokubali, dogo akajumlisha viroba vya kila mtu. Mjomba wetu jina lake lina ng' ndani yake, kama majina mengi ya Kisukuma, kama Nyang'hwale hapo jirani, kama wazee wanavyoita Mwanza mpaka leo, Ng'wanza. Jedwali likasema mjomba ana viroba 9. Mjomba akatuangalia akasema taratibu, "Mpwa, nimepeleka 23. Nimevihesabu mwenyewe, na mgongo wangu umevihesabu." Wenye karasha wakaanza kusema wazee huwa wanasahau.

Mnajua nilichokuta? Karani siku nyingine alichapa kwa simu, siku nyingine alichapa kwenye Word kisha akabandika. Simu yake ilitoa ritifaa iliyonyooka, Word ikaikunja yenyewe. Kompyuta ikaona watu wawili, mmoja ana 9, mwingine ana 14. Nikabadilisha zote ziwe aina moja na zikawa 23. Mjomba hakusema kitu, aliomba chai.

Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya watu wenye nafasi. Na sisi waandishi wa Kiswahili tuna kesi ya pekee, kwa sababu ritifaa kwetu ni sehemu ya herufi. Kwenye ng'ombe haifungi nukuu wala haionyeshi herufi iliyodondoka, inakwambia hii sio ng ya ngoma. Unicode wana hata ritifaa inayohesabiwa kama herufi, U+02BC, ila sijaona kibodi ya simu ya mtu yeyote darasani kwetu inayoichapa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa OpenOffice kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Siku mtu akitaka kuandika na kurasa za mwongozo kwa Kiswahili, atakutana na swali hili kwenye ng'oa ya kwanza tu. Mimi kura yangu ni \(aq, iliyonyooka, kwa sababu msomaji akitafuta ng' kwa kibodi aliyonayo aipate. Wapenda uzuri wa herufi mtanisamehe.

Haya, urekebishaji. Mtu wa kwanza niliyemweleza alisema andika amri moja ibadilishe kila - kuwa \-, umemaliza. Hapana! Kistari kilichoko kwenye neno la Kiingereza kama read-only ni kistari halali cha kuunganisha, kiache. Machaguo ya programu, majina ya mafaili, amri za kunakiliwa, hizo ndizo zinataka \-. Pale juu kabisa penye jina la programu na maelezo yake mafupi napo panatakiwa \- katikati, maana apropos inasoma mstari huo kutafuta. Na vistari viwili vilivyoandikwa katikati ya sentensi kwa maana ya kistari kirefu, hivyo ni \(em. Kwa hiyo lazima usome kila mstari ujue mwandishi alikusudia nini. Kile kikofia cha ^ na kiwimbi cha ~ navyo vina magonjwa yao: \(ha na \(ti. Kiwimbi ndicho hatari, kwa sababu ndicho kinachosimama badala ya folda yako ya nyumbani.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote kilikuwa ukurasa mmoja wenye mstari uliopotea. Kwenye lugha hii mstari ukianza na nukta au ritifaa, unahesabiwa kuwa ni agizo, sio maandishi. Mwandishi alianza mstari na neno lililofungwa kwa ritifaa, groff ikadhani anaita agizo, ikatafuta agizo lenye jina hilo, haikulipata, ikaruka mstari mzima kimyakimya. Sentensi yenyewe ilikuwa inaonya kwamba programu itafuta faili la zamani bila kuuliza! Tiba yake ni herufi mbili, \& mwanzoni mwa mstari. Ukiiendesha groff na -ww inakupigia kelele kuhusu vitu hivi, ila nani anaiendesha hivyo...

Na angalieni kwanza kama ukurasa umeandikwa kwa mkono. Kurasa nyingi siku hizi zinazalishwa kutoka Markdown, ukirekebisha faili la mwisho toleo linalofuata linafuta jasho lako. Moja kati ya zangu tatu iko hivyo, nimelazimika kwenda kuipata ilikozaliwa.

Hali ilivyo leo: kiraka cha kwanza, cha ule ukurasa wa dogo, mtunzaji amekipokea, mistari 41, akauliza tu kwa nini nimeacha kistari kimoja bila mkwaju. Nikamjibu ni cha kuunganisha maneno. Akasema sawa. Cha ule mstari uliopotea nimekituma Jumapili, bado kimya. Cha tatu kina mjadala, wanataka niwaonyeshe tatizo linatokea kwenye mashine gani, na nahitaji mtu mwenye Linux yenye groff 1.23 isiyo na kifuniko. Andika man --version sio, andika groff --version, kisha niletee laptop yako maabara kesho baada ya saa kumi. Sio asubuhi, asubuhi nina test ya takwimu na sijafungua kitabu.