Samaki Kaleta Nani?

Ndugu msomaji, ukijaliwa mapumziko ya Jumapili, usiyamalize yote kitandani. Amka kabla hakujapambazuka, ushike barabara ya Bagamoyo, ushuke Mtongani, kisha ufuate njia iendayo pwani ya Kunduchi. Siku za bamvua bahari hujaa kwenye saa kumi za alfajiri. Kwa hiyo jua linapochomoza maji huwa yamekwisha anza kutoka, yakiacha mchanga uliolowa ukimeremeta kama sinia. Mbele yako kitatokeza kisiwa cha Mbudya, na nyuma yako, kati ya mibuyu, yamelala magofu ya msikiti na makaburi ya wazee wetu wa kale.

Hiyo ndiyo saa ipendwayo na wapiga picha za bahari. Mpiga picha huisimika kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akaiacha lenzi wazi, si kwa kufumba na kufumbua, bali kwa sekunde 30 na hata zaidi. Mwanga ukizidi, huivika lenzi kioo cheusi ili picha isiungue. Katika muda huo kila wimbi hujiandika juu ya lililotangulia, mpaka yote yakafutana na bahari ikabaki nyeupe, tulivu kama ukungu. Kisichosogea hubaki, kisogeacho hutoweka.

Nami nilipiga picha ya namna hiyo asubuhi moja. Ufuko ulikuwa umejaa watu: wavuvi waliokesha baharini na taa zao walikuwa wakishusha dagaa, wachuuzi wakinadi, akina mama wakichagua samaki wa kukaanga, vijana wakipita mbio na ndoo mabegani. Picha ilipotokea ilikuwa nzuri ajabu, lakini haikuwa na mtu hata mmoja.

Karibu nami aliketi mvuvi mmoja mzee akitengeneza wavu. Nilimwamkia, nikamwonyesha. Aliitazama kwa kitambo, kisha akanirudishia kamera.

“Nzuri, mwanangu,” akasema. “Lakini samaki kaleta nani?”

Swali hilo lina umri sawa na kazi ya kupiga picha yenyewe. Mwaka 1838, mjini Paris, Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye barabara yenye pilikapilika nyingi. Kwa kuwa picha ilichukua dakika kadhaa, magari ya farasi na wapita njia wote walifutika. Alibaki mtu mmoja, aliyesimama mahali pamoja akipigwa rangi viatu. Yule aliyeinama akimsugulia viatu alionekana kama kivuli tu. Aliyetulia alihifadhiwa, aliyefanya kazi alififia.

Simlaumu mpiga picha, wala siilaumu kamera. Utulivu wa bahari katika picha hizo hupumzisha macho yaliyochoshwa na vumbi la mji. Hata hivyo, tukizoea kuitazama pwani yetu bila watu, iko siku tutaamini kuwa pwani hiyo haina wenyewe. Na ufuko unaodhaniwa kuwa hauna wenyewe huwa rahisi kuwapokonya wale wanaoutegemea kwa chakula cha watoto wao.

Nilimwomba mzee ruhusa nimpige yeye. Akakubali, akaketi vile vile na wavu wake magotini. Nilihesabu sekunde 30 kwa sauti. Picha hiyo ninayo hadi leo: bahari ni ukungu, ngalawa zinazoyumba zimekuwa vivuli, na mzee ameonekana barabara, kofia, uso na mabega. Ila mikono yake imekuwa kama moshi, kwa maana haikuacha kushona.

Basi, ndugu msomaji, ukienda Kunduchi na kamera, au na simu yako tu, ngoja maji yatoke, omba ruhusa, kisha upige bahari upendavyo. Lakini kabla hujaondoka, hakikisha kwamba umepata walau picha moja inayoweza kumjibu mzee yule.